Mtu Mwingine Chumbani

Mimi si mtu wa upole, na sitajifanya malaika hapa. Nilifundisha hesabu miaka thelathini, na karibu miaka yote hiyo wanafunzi waliniita Kibao, kwa sababu mkono wangu ulikuwa mwepesi. Kibao cha mwisho kilipasua ngoma ya sikio la kijana mmoja wa mstari wa nyuma. Damu ikamchirizika hadi kwenye kola, nami nikaambiwa nikusanye vitu vyangu kabla ya kengele ya mchana. Nilivikusanya nikiwa bado na hasira naye.

Ndipo nikaingia kwenye masomo ya mtandaoni. Ilikuwa shule isiyo na jengo wala uwanja, inayofundisha wakati wa likizo ndefu tu, na wanafunzi wake ni watoto wa sekondari walioanguka somo moja wakitaka kulirudia kabla shule hazijafunguliwa. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa.

"Huko sasa utampiga nani?" akasema. "Kioo?"

Kila asubuhi nilikaa kwenye meza ya chakula, kompyuta juu ya sufuria iliyopinduliwa ili kamera inikabili, na mzee wangu akipita nyuma yangu na taulo begani kana kwamba nyumba haina njia nyingine. Mbele yangu vilipangwa visanduku ishirini na vinne, mtoto mmoja kila kisanduku. Majina yaliandikwa chini kwa herufi ambazo miwani yangu haikuzimudu, kwa hiyo niliwaita kwa kile nilichokiona. Kulikuwa na Feni, aliyekaa chini ya feni. Kulikuwa na Kabati, na Paji ambaye sikuwahi kumwona chini ya nyusi, na Dari, ambaye simu yake ililala mezani ikitazama juu. Na kulikuwa na Kidevu.

Kidevu alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Simu yake aliiegemeza chini sana, hata tukawa tunaona kidevu, shingo, daftari na mkono wa kulia basi. Mkono ule ulikuwa na kasi. Swali ambalo wengine walilizunguka dakika kumi, yeye alilimaliza kwa mistari minne na kunyamaza. Shule moja ya bweni, mbali sana na kwao, ilikuwa imemwekea nafasi ya masomo ya juu kwa sharti moja tu: afaulu hesabu kwenye mtihani wetu wa likizo. Mtihani wenyewe ulikuwa mmoja, Jumamosi ya mwisho, na hakuna wa marudio. Siku ya kwanza kabisa aliniandikia ujumbe wa faragha: "Mwalimu, mimi lazima niende bweni. Lazima." Nikaona ni maneno ya mtoto anayetaka kukimbia kuosha vyombo.

Wiki ya tatu nilichoka na kile kidevu. Kazi za nyumbani alikuwa hajaleta mara tatu mfululizo, na uso haonyeshi.

"Wewe, inua simu nikuone," nikasema.

"Hapa panatosha, mwalimu."

"Nani anapanga panapotosha, mimi au wewe?"

"Daftari unaliona, mwalimu. Hesabu hazifanywi kwa uso."

Visanduku vingine vyote vikacheka. Vipaza sauti vyao nilikuwa nimevizima, lakini meno niliyaona. Kiganja changu cha kulia kikaniwasha, na hapakuwa na shavu la kukituliza.

Sasa, shule yetu ilikuwa na utaratibu: kila Ijumaa, mwalimu awasiliane na mzazi wa kila mtoto asiyeleta kazi. Wenzangu walituma ujumbe mfupi wa adabu. Mimi nilipiga simu. Baba yake Kidevu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtengeneza mageti, na alipopokea nilisikia mashine ikisaga chuma nyuma yake. Aliposikia ni mwalimu, akaizima kwa heshima.

"Binti yako ananipanda kichwani," nikasema. "Anaficha uso, kazi haleti, na leo amenijibu mbele ya darasa zima. Mnyooshe."

"Samahani sana, mwalimu. Nitamnyoosha."

"Nakutegemea."

"Usiwe na shaka kabisa."

Mtu mwenye adabu zake, nikajiambia. Chakula cha mchana nilikila kwa raha siku hiyo, na nikaongeza.

Jumatatu tulikuwa katikati ya milinganyo ya kipeo cha pili mlango ulipofunguliwa nyuma ya Kidevu. Tuliona magoti ya suruali ya kazi, yenye matundu madogo ya cheche. Mkono ukaichukua simu, ukaiinua, ukaiweka mahali pa juu, pengine kwenye rafu, na kwa mara ya kwanza tukakiona chumba chote: kitanda, kabati la nguo, dirisha lenye vyuma. Na tukamwona msichana mwenyewe. Jicho lake la kushoto lilikuwa limezungukwa na rangi ya kijani iliyokuwa ikigeuka manjano. Alama ya rangi hiyo si ya jana wala juzi. Alikuwa nayo siku ile nilipomwamuru ainue simu.

"Shikamoo, mwalimu," baba akasema. Alikuwa amewasha kipaza sauti. Alikuwa mwanamume wa makamo, msafi, shati amelifunga mpaka kifungo cha juu.

"Marahaba," nikajibu. Mdomo ulijibu wenyewe.

"Uliniambia nimnyooshe. Nikasema nisimfanyie kimyakimya, maana amekosa mbele za watu. Enzi zetu mzazi alikwenda shuleni, mtoto akachapwa wenzake wakiona. Na hili si ndilo darasa?"

Mkononi alikuwa na kipande cha waya mnene wa mashine ya kuchomelea, kilichokatwa vizuri na kufungwa kitambaa upande wa kushikia. Mtu hakitengenezi kifaa kama hicho kwa asubuhi moja.

Nilihesabu, kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi yangu. Pigo la kwanza lilimpata begani. La nne lilimpata shingoni na akageuka, kwa hiyo la tano likamchana mdomo. Nikapiga kelele: acha, acha, wewe mtu una wazimu, acha! Kila nilipopiga kelele alisita, akasogeza sikio karibu na simu kama anayemsikiliza mgeni, kisha akasema, "Bado kidogo, mwalimu," akaendelea. La kumi na mbili lilimwangusha kati ya kitanda na ukuta. Kuanzia hapo tuliona mkono wa baba tu ukipanda na kushuka, na kuisikia ile sauti. Ile sauti naijua. Nimeitoa mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikuwahi kukaa kimya kuisikiliza.

Kabati alitapika mbele ya kamera. Feni alitoroka. Dari aliinamia simu yake akilia, nikauona uso wake kwa mara ya kwanza, mtoto mdogo tu mwenye vishimo mashavuni. Yalikuwa mapigo kumi na tisa.

"Tunashukuru sana, mwalimu," baba akasema akihema, na kisanduku kikawa cheusi.

Mzee wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na taulo lake.

"Ulimwambia nini huyo baba?" akauliza.

"Nilimwambia amnyooshe."

Akaweka taulo kitini, akanisogezea simu. Nilimpigia mkuu wetu wa masomo, akaniambia niandike taarifa, mtoto atapewa mshauri baada ya likizo. Nikamuuliza baada ya likizo atakuwa na mtoto gani wa kumpa huyo mshauri. Akaniambia nipunguze sauti.

Jumanne sikufundisha. Nilichukua anwani kwenye fomu ya kujiandikisha, nikasafiri saa moja na nusu, nikafika kwenye karakana yake saa nne asubuhi. Mageti yalikuwa yameegemezwa ukutani, mengine yamepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na nondo zilizokatwa zimelala chini kwa mafungu. Nyuma ya karakana ndipo nyumba yenyewe. Mkabala, ng'ambo ya njia, kulikuwa na duka, na mwenye duka, mama mnene mwenye macho makali, alikuwa ameketi kwenye kreti la soda akiniangalia tangu nishuke. Niliponunua maji kwake aliniambia bila kuulizwa:

"Kama umekuja kwa habari ya yule mtoto, umechelewa miaka miwili. Mama yake aliondoka mle ndani amebebwa, mguu umevunjika, hajarudi. Kituo cha polisi nimekwenda mara tatu. Wananiambia mama, lete ushahidi." Akaniandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi ya sukari. "Ukipata lolote, nipigie."

Nilikuwa nimejiapiza njia nzima kwamba nitasema tu. Fundi aliponiona alivua kofia yake ya chuma, akanifutia kigoda kwa shati lake.

"Karibu, mwalimu. Kaa. Umesafiri mbali hivi kwa ajili yetu?"

"Nimekuja kukuambia usimguse tena yule mtoto."

Akanitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Lakini ni wewe uliyeniambia."

"Nilikosea."

"Hukukosea. Tangu jana amesoma mpaka simu imezima chaji. Na Jumamosi asipofaulu, mwalimu, usihangaike, nitamvunja miguu yote miwili. Kwa mama yake mmoja tu ulitosha." Akatabasamu, akingoja nimshukuru.

Sikumbuki kuinama. Nakumbuka nondo ikiwa mkononi mwangu, nzito na ya baridi, urefu wa rula ya ubaoni. Nilimpiga kifundo cha mkono wa kulia. Akashangaa zaidi ya kuumia, akauinua mkono autazame, nikampiga pale pale tena, na safari hii mfupa ulilia. Naapa nilifurahi. Mwili wangu wote ulifurahi, mpaka kwenye nywele, na nikaiinua nondo mara ya tatu nikilenga kichwa.

Alinipiga kwa kiwiko. Nikaanguka juu ya geti, uso ukakutana na chuma, jino la mbele likabaki huko. Akanipanda tumboni kwa goti, akanikaba kwa mkono mmoja uliobaki mzima, na nilikuwa nimeanza kuona giza pembeni wakati mama mwenye duka alipofika na kummwagia ndoo ya maji machafu ya kuoshea brashi za rangi. Alimvuta kwa nywele kunitoa chini yake, akimtukana matusi ambayo sikuwahi kuyasikia yakipangwa vizuri namna ile.

Nilipoketi, nikitema damu, Kidevu alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba. Mdomo ulikuwa umevimba na kupasuka, shingo ina mistari. Nilidhani atanikimbilia.

"Mwalimu, umefanya nini?" akasema.

"Nimem..."

"Leo ni Jumanne! Mtihani ni Jumamosi. Nilikuwa nimebakiza siku nne. Nimevumilia miaka miwili, nikabakiza siku nne, wewe umekuja kumpiga?" Alinikasirikia mimi. "Wewe utapanda gari uende kwako. Mimi nitabaki naye."

Nikamwambia aondoke nami sasa hivi. Akasema vitabu vyake, cheti chake cha kuzaliwa na barua ya bweni vimefungiwa kwenye sanduku la baba, na bila hivyo bweni hawampokei. Akarudi ndani. Baba yake alikuwa ameketi chini akiufunga mkono wake kwa kitambaa. Polisi hakuna aliyekwenda. Mimi ndiye niliyeanza kupiga, na yeye asingekubali kuandikisha kwamba amevunjwa mkono na bibi mwenye miwani.

Jumatano nilifundisha nikiwa nimeziba mdomo, lakini hesabu huwezi kuzifundisha umeziba mdomo, na kufikia saa tano tayari nilikuwa nimepewa jina jipya, Pengo. Nilistahili. Siku hiyo hiyo nikafanya kosa jingine, dogo, la kikarani. Kabla ya mtihani msimamizi huwatumia wazazi wote masharti, nami, msimamizi wao, niliutuma ujumbe kama ulivyo, kwa namba zote ishirini na nne: mwanafunzi awe peke yake, mlango ufungwe, na akionekana mtu mwingine chumbani, mtihani utafutwa hapo hapo. Namba ya fundi ilikuwa mojawapo. Nilikuja kuikumbuka ujumbe ukiwa umekwisha somwa.

Ijumaa mchana Kidevu aliniandikia. "Mwalimu, amesoma masharti yako kwa sauti, mara mbili, akacheka. Tangu umvunje mkono hataki tena nifaulu. Nakuomba kitu kimoja. Kesho hata ikitokea nini, usinifungie mtihani. Hata ikitokea nini." Nikamjibu kwamba sitaufunga. Sikujua nilikuwa nakubali nini.

Jumamosi saa tatu kamili walifungua karatasi. Saa mbili za mtihani, maswali kumi. Mimi peke yangu niliwaona wote, na kila mmoja alijiona mwenyewe tu. Upande wa kulia wa kioo changu, kando ya kila kisanduku, kulikuwa na kitufe chekundu cha kufuta. Kidevu aliiweka simu mahali pa juu safari hii, kama masharti yanavyotaka, na nikaona kwamba amelisukuma kabati la nguo hadi mlangoni na kulikaza kwa kitanda. Mwenyewe aliketi sakafuni katikati, daftari kwenye kigoda, mgongo kwa mlango. Akaanza kuandika kwa ule mkono wake wenye kasi, nami nikaanza kupumua.

Saa nne na dakika nane kabati lilitikisika.

Akageuza ukurasa. Kabati likatikisika tena, likasogea upana wa vidole viwili, na miguu ya kitanda ikakwaruza sakafu. Aliandika haraka zaidi. Alikuwa kwenye swali la sita. Bega likagonga mlango, tena, tena, kila pigo likisogeza kitanda karibu na mgongo wake, na kila mara kalamu iliruka akairudisha mstarini. Nikasema kwa sauti ndogo, sijui nikimwambia nani, andika, andika, andika. Kisha kabati likaanguka, mlango wake ukang'oka, nguo zikamwagika, na baba akaingia akiruka juu yake.

Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa mbao mbili. Waya ulikuwa mkono wa kushoto. Lakini hakumgusa mtoto. Alikuja moja kwa moja mbele ya simu, akainama mpaka uso wake ukajaa kwenye kisanduku.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mtu mwingine chumbani. Nimeonekana? Haya, funga."

Mikono yangu niliikalia, yote miwili, chini ya mapaja, kama tulivyokuwa tukiwaadhibu watoto wa darasa la kwanza.

"Funga, mwalimu. Masharti si umeyaandika wewe?"

Akangoja. Akatazama nyuma, akaona msichana bado anaandika. Akanitazama tena, na nikaona inavyomwingia polepole kwamba sitafunga, na kwamba safari yake ya kubomoa mlango haijafua dafu. Hapo ndipo alipougeukia mgongo wa mtoto.

Hakuwa hodari wa mkono wa kushoto. Nasema hivyo kwa sababu nimetafuta sana kitu cha kujifariji. La kwanza lilipiga kigoda. La pili na la tatu yalimpata mgongoni, blauzi ikachanika. Kidevu alijikunja juu ya daftari, mkono wa kushoto kichwani, na wa kulia ukawa umebaki huko chini, kifuani, ukiandika. Niliuona ukiandika. Alikuwa anapigwa kama punda na alikuwa anakokotoa. Yule mwanamume akapiga teke kigoda, kikaruka, naye msichana akalala kifudifudi juu ya karatasi, akaendelea kuandikia sakafuni.

Nilishika simu kwa mkono wa kushoto, nikampigia mama mwenye duka.

"Anauawa," nikasema. "Sasa hivi. Chumbani."

Hakuuliza nani. Nilisikia kreti likipinduka na viatu vikikimbia, simu ikiwa bado hewani. Msimamizi akiondoka mbele ya kamera yake mitihani yote ishirini na minne inafutika, kwa hiyo nilikaa. Mzee wangu alikuja akasimama upande wa pili wa meza, nje ya kamera, akaona machozi yangu, akazunguka akaona kioo. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Pembeni mwa macho Feni alikuwa anatafuna kalamu, Paji anajikuna, na wote wengine wanafanya mtihani wao wa likizo.

Mama mwenye duka aliingia na dada yake, wote wawili wanene, wakipanda juu ya kabati lililoanguka. Alikuwa na chupa ya soda iliyojaa. Aliipasua kichwani mwa fundi, soda na damu vikarukia ukuta, fundi akageuka na waya akamchapa usoni, na huyo mama akachukua kile kilichobaki cha chupa akakizamisha begani mwake. Nilisikia ukelele wake mara mbili, kwenye kompyuta na kwenye simu. Dada mtu akamzoa miguu. Akaanguka kwa mkono uliovunjika, akapiga yowe jingine, na wale kina mama wakamkalia, mmoja kifuani, mwingine mapajani, kwa uzito wao wote.

Kidevu akainua kichwa. Damu ilikuwa inamtoka sikioni.

"Mama," akamwambia mwenye duka, "samahani, unanizibia mwanga."

Mwenye duka akasogea.

Zilibaki dakika thelathini na moja. Alizitumia zote. Baba yake alikuwa akikoroma na kutukana chini ya watu wawili, na yeye amelala kifudifudi mita moja kutoka hapo akipiga hesabu za miduara. Muda ulipokwisha alisimama kwa shida, akanionyesha kurasa moja moja mbele ya kamera kama masharti yanavyotaka. Ukurasa wa nne ulikuwa na damu, lakini unasomeka. Nilimsahihisha kwa macho palepale, mazoea ya miaka thelathini. Swali la nane alikosea alama ya kutoa. Mengine yote niliyoweza kuyasoma yalikuwa sawa. Alikuwa amefaulu.

Nikawafunga wengine mmoja mmoja, kila mmoja akijaziwa fomu yake ya swali moja: je, mtu mwingine alionekana chumbani? Ukijibu ndiyo, picha yote ya mtihani iliyorekodiwa inahifadhiwa kwa uchunguzi na karatasi haisahihishwi. Ukijibu hapana, karatasi inakwenda kusahihishwa na picha inafutwa papo hapo. Nilijibu hapana mara ishirini na tatu.

"Mwalimu!" mama mwenye duka alikuwa akiita kwenye simu. "Umeyaona yote? Yamerekodiwa? Iweke hiyo picha, nakuomba. Tunamkokota kituoni leo leo. Miaka miwili wananidai ushahidi!"

Alikuwa sahihi. Yote yalikuwemo: kabati, waya, uso wake ukiniambia shikamoo. Hakuna mahakama ambayo ingemwachia. Na kama kulikuwa na mtu mmoja duniani niliyetaka kumwona akipelekwa jela, alikuwa yule aliyelala chini ya wale kina mama. Nilikuwa nimepeleka kidole kwenye ndiyo.

Kidevu alikuja karibu na simu, mpaka nikauona uso wote: jicho, mdomo, damu iliyokuwa ikishuka shingoni kutoka sikioni.

"Mwalimu," akasema, "andika hapana."

"Mwanangu, huyu atakuua."

"Bweni linafunguliwa baada ya wiki tatu. Sanduku nitalivunja leo, wakiwa bado wamemkalia, niondoke. Andika hapana."

"Nikiandika hapana, hakuna kitakachobaki. Atasema wale kina mama wamemvamia nyumbani kwake. Wao ndio watakaofungwa."

Akafuta damu shingoni kwa kiganja. Nilijua analifikiria hilo, na nilijua analifikiria kama swali, kwa mistari michache.

"Andika," akasema.

Niliandika hapana. Kompyuta ikashukuru kwa ushirikiano wangu, na kisanduku cha mwisho kikafungwa.

"Umeiweka?" mama mwenye duka akauliza sikioni mwangu. Alikuwa anahema. "Mwalimu? Umeiweka?"

"Imefutika," nikasema. "Nimeifuta mimi."

Nilisikia fundi akicheka chini yake, au akilia, sikuweza kutofautisha. Mama mwenye duka akamwambia dada yake amshike vizuri, kisha akarudi kwenye simu.

"Basi njoo umkalie wewe," akasema. "Mimi nimechoka."

Nikamwambia mzee wangu aniletee viatu.